Alimnyima mumewe sukari mezani, akaikuta kwenye birika

Saa moja na nusu asubuhi, mwiko wa Tamou Bakkali unagonga kuta za sufuria. Ndani yake bisara inachemka taratibu, supu nzito ya njegere kavu na kitunguu saumu, na kila povu likipasuka linamrukia mkononi. Hajali. Mikono yake imeshazoea.

Mteja wa kwanza anaingia na gazeti kwapani. Ni Si Larbi (huku Si ni Bwana, na Lalla ni Bibi), mwalimu mstaafu wa hesabu. Kabla hajavuta kiti, Tamou anamuuliza swali analomuuliza kila anayevuka kizingiti cha duka hili la meza nne katika mji mkongwe wa Tetouan.

"Kipimo cha sukari, ngapi leo?"

"Moja na arobaini, alhamdulillahi."

"Na jana ulikula nini?"

"Lalla Tamou, mimi nimekuja kula, sikuja kuhojiwa."

"Kwa hiyo ulikula keki."

"Kipande tu! Mjukuu katimiza mwaka, ningekataaje?"

"Ungekataa kwa mdomo. Si ndio huohuo uliokula keki?"

Wateja wawili wanaoingia nyuma yake wanaangua kicheko. Si Larbi anawekewa bakuli la bisara lenye mafuta ya zeituni na bizari juu, pamoja na robo ya mkate wa shayiri. Anaugeuza mkate huku na huku, kana kwamba upande wa pili utakuwa mkubwa zaidi, kisha anaanza kula.

Hapa hakuna mkate mweupe wala soda. Asali nayo haiingii, na hilo ndilo linaloleta ubishi mkubwa kuliko yote, maana hakuna mzee wa Tetouan asiyejua kuwa asali ni dawa. "Ni dawa, nani kakataa?" Tamou huwajibu. "Lakini dawa ina kipimo chake. Wewe unailamba kwa kijiko cha supu."

Kando ya mlango amekaa mwanamume mwenye ndevu nyeupe, anachambua nanaa jani moja moja. Mbele yake kuna stuli, juu ya stuli mto, na juu ya mto mguu wake wa kushoto. Ni Si Mfeddal Chentouf, mume wa Tamou kwa miaka thelathini na moja. Mguu huo ndio uliofungua duka hili.

Tamou ana miaka hamsini na minne na hakusomea lishe popote. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa karamu, mwanamke anayeitwa nyumbani kwa watu na sufuria zake kukiwa na harusi, akika au mahujaji wamerudi. Alijulikana kwa kuku wa plamu kavu na asali, na kwa pai ya njiwa inayonyunyiziwa sukari ya unga mpaka haionekani.

"Ukiikusanya asali niliyopikia, unaweza kumwogeshea ng'ombe," anasema, bila kujutia hata kidogo. "Ndivyo watu walivyotaka. Na ilikuwa tamu."

Mumewe naye alifanya kazi katika karamu hizohizo, ila yeye hakukaa jikoni. Alikuwa mwenye chai. Hukaa uani juu ya zulia, miguu peku, jiko la makaa ubavuni na sinia la glasi mbele yake. Huvunja bonge la sukari kwa nyundo ndogo ya shaba, huosha majani, hushindilia nanaa ndani ya birika, kisha humimina kutoka juu kabisa mpaka povu likae. Kwa karamu moja alilipwa dirhamu mia nne na bakshishi juu. Wapo waliosogeza tarehe ya harusi kwa sababu Si Mfeddal alikuwa ameshachukuliwa na wengine.

Sukari ilimpata miaka tisa iliyopita. Alipewa vidonge, akavimeza, maisha yakaendelea. Mpaka siku moja, miaka miwili iliyopita, kaa la moto liliruka kutoka kwenye jiko lake la chai likatua katikati ya vidole vya mguu wake wa kushoto. Hakuhisi kitu. Aliendelea kumimina chai huku anaongea. Aliyegundua ni mgeni mmoja, aliyeuliza ni nyama gani hiyo inaungua.

Kidonda kilikataa kufunga. Daktari, dada mmoja kijana asiyezunguka mbuyu, aliwaeleza wote wawili kwamba mishipa ya fahamu ya mguu ule imeshakufa ganzi. Kama sukari ingebaki juu, wangeanza kukata kidole. Baada ya kidole, mguu.

"Sikulia pale," Tamou anakumbuka. "Nililia nilipofika nyumbani nikaona sufuria zangu. Nikajiambia, huyu mtu nimemlisha mimi."

Kesho yake alitoa sukari yote ndani ya nyumba, na chupa ya asali akampa jirani. Akaanza kuhudhuria somo la lishe la kila Alhamisi katika zahanati ya mtaa, akiandika kwenye daftari la zamani la shule la binti yake, Ikram. Aliyoyasikia darasani aliyarudisha jikoni akayapika kwa akili yake.

Kuku wa asali akageuka kuku wa vitunguu: vitunguu vinavyopikwa kwa moto mdogo saa mbili nzima, na mdalasini, mpaka vinabadilika rangi na kutoa utamu wao wenyewe. Plamu zilizokuwa konzi zikawa mbili kwa sahani. Kuskusi ya ngano ikapisha kuskusi ya shayiri, inayopimwa kwa kikombe cha kahawa, na haiguswi mpaka kabichi na karoti ziishe. Sadini wakachomwa na giligilani na ndimu. Mkate ukawekwa kwenye mizani.

Harufu haina mipaka. Majirani wenye sukari wakaanza kuleta makopo yao, mmoja, kisha watatu, kisha kumi na mmoja. Tamou akaacha karamu akakodi chumba hiki. Leo anatoa milo thelathini na minane ya mchana, kila mmoja dirhamu ishirini, na akishatoa gharama za soko na pango hubakiwa na kama mia mbili.

"Karamu moja ilinipa zaidi ya hapo," anasema. "Lakini karamu huja na kuondoka. Njaa inakuja kila siku."

Sukari za wateja zikashuka. Moja ikabaki palepale, na ilikuwa ya mtu anayelala naye kitanda kimoja. Kipimo cha Si Mfeddal kilisoma gramu mbili na nusu kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kile daktari alichokitaka. Siku nyingine kilikaribia tatu. Mtaani wakaanza kunong'ona. Mganga hajigangi, walisema, na Tamou aliyasikia.

Alipekua mifuko ya koti lake. Alimnusa mdomo. Akamwendea hadi mwenye kioski na kumuuliza, uso ukimwiva kwa haya, kama mumewe hununua peremende.

"Wee Mfeddal, unakula nini huko nje?" alimuuliza usoni siku moja.

"Wallahi, tangu kaa lile, sukari haijapita kooni mwangu."

"Basi inaingilia wapi, masikioni?"

"Muulize Mungu. Mimi nakula unachonipa."

Aliapa mpaka kwa msahafu. Na Si Mfeddal si mtu wa uongo, jambo ambalo lilimtia mkewe hofu zaidi. "Angekuwa mwongo ningepata nafuu," anasema. "Nikaona basi mwili wake umekataa chakula changu, Mungu ameshaamua." Daktari aliongeza dawa, akamwanzishia na sindano, kisha akawapa miadi ya wiki sita. Kama hakuna badiliko, kidole kitakatwa siku hiyohiyo.

Sasa kumbuka jambo moja. Tamou alikuwa ameacha karamu. Mumewe hakuacha. Alifunga mguu bendeji, akapanda teksi, akaenda kumimina chai kila alikoitwa.

Siku chache baada ya miadi hiyo kutolewa, binamu yake Tamou alipata mtoto akamwomba apike akika, kwa ajili ya udugu tu. Asubuhi ya akika, kama saa nne, alitoka jikoni na sinia la lozi, akakuta ua umejaa wageni. Akasimama nyuma ya nguzo apumzike kidogo. Mumewe alikuwa hatua kumi mbele yake, hakumwona.

Si Mfeddal alimimina chai kidogo kwenye glasi, kimo cha vidole viwili. Akaiweka mdomoni, akafumba macho. Akaongeza kipande cha sukari ndani ya birika. Akamimina tena, akaonja tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Birika likaondoka kwenda kwa wageni. Likaja lingine.

Tamou akachukua lozi moja kwenye sinia, akaitia mfukoni mwa aproni. Kila glasi ilipogusa midomo ya mumewe, akatia nyingine. Mara tatu jikoni wakamwita, na mara tatu akarudi nyuma ya nguzo ile.

Waliporudi nyumbani jioni, alizimwaga lozi mezani.

"Hizi nini tena?"

"Chai uliyokunywa leo."

"Mimi? Glasi yangu imebaki imejaa mpaka imepoa, muulize yeyote."

"Hesabu."

Alihesabu. Zilikuwa sitini na mbili.

"Mara sitini na mbili umetia chai mdomoni, baba Ikram."

"Lo! Hiyo ni kuonja, bibie. Kuonja si kunywa. Hata Ramadhani mpishi anaruhusiwa kuonja, wewe si ndiye mpishi? Hujui?"

"Ramadhani natema!"

Si Mfeddal akazisukuma lozi pembeni. Miaka yote ile alikuwa amejipimia sukari kwa sheria ya saumu: kisichovunja funga hakihesabiwi. Na hakuwa peke yake. Ukizunguka Tetouan utakuta wenye chai wengi wenye sukari wanaoapa kwa moyo mweupe kwamba hawanywi.

Tamou hakuishia kwenye lozi. Alichukua glasi ileile, akaitia maji kimo cha vidole viwili, akamimina kwenye jagi mara sitini na mbili. Maji yakapita lita moja na nusu. Halafu akaazima sukari kwa jirani, akaweka ile inayoingia kwenye chai kiasi hicho juu ya mizani ya mkate, gramu mia na hamsini, akaisogeza karibu na jagi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe sasa kilikuwa mbele ya macho ya mumewe.

Si Mfeddal alilia. Tamou anasema hajamwona akilia hivyo hata alipomzika mama yake.

"Nilidhani analilia mguu," anasema. "Kumbe analilia kazi. Aliniambia, bila kuonja mimi si kitu."

Alimshauri ateme. "Niteme mate mbele ya wageni wa watu?" Alimshauri aache. Akaacha siku nne, akawa anashinda dirishani tangu asubuhi. Tamou akaona hapana. "Mwanamume ukimnyang'anya mikono yake utamlisha nini ashibe? Shayiri haifiki huko."

Ikabaki njia moja: ajifunze upya kazi aliyoifanya tangu ana miaka kumi na tisa. Ataonja chai kabla ya sukari kuingia, ajue majani na nanaa vimekaaje. Sukari itavunjwa nyumbani na kupimwa, vifurushi vya birika moja moja. Kuanzia hapo hataonja tena. Atasikiliza mmimino, atatazama povu na rangi, basi.

Kwa wiki tatu jiko la Tamou liligeuka darasa. Mume alikisia kwa kutazama na kusikiliza, Tamou akaonja na kutoa hukumu.

"Hii vipi?"

"Tamu mno."

"Na hii?"

"Hii kaoshee miguu."

Walicheka, waligombana, mara mbili Si Mfeddal alirusha nyundo ya sukari. Tamou mwenyewe alionja kijiko kimoja kimoja na kutema kwenye sinki, maana, anasema, kidonda kimoja kinatosha nyumba moja. Mwisho wa wiki ya tatu, kati ya mabirika kumi, tisa yalitoka sawa.

Kazi ya kwanza ilikuwa posa, saa kumi alasiri, siku kumi kabla ya miadi ya daktari. Posa ni mahali pabaya pa kujaribia mambo. Wakwe wanaangaliana, na chai ikiharibika huonekana nyumba nzima imeharibika. Juu ya hayo, kwenye godoro la heshima alikuwa amekaa Lalla Chama, shangazi wa babake bibi harusi, mwenye miaka sabini na tisa. Birika likirudishwa na Lalla Chama, mwenye chai ataisikia habari hiyo mpaka kwenye maziko yake.

Si Mfeddal alikuwa pia na birika dogo, la kwake. Ni desturi glasi ya mwenye chai ikae mbele yake, na tangu aache kuinywa watu walikuwa wameanza kusema: chai gani hii ambayo mwenyewe haigusi? Kwa hiyo alijitengenezea ya nanaa, majani kidogo machungu ya pakanga na matone ya maji ya maua ya michungwa. Bila sukari.

Tamou, aliyekubali kupika siku hiyo ili awe karibu naye, alitazama kutoka mlango wa jikoni. Birika la kwanza likamfikia Lalla Chama. Akanywa. Akameza. Birika hakulirudisha. Tamou akashusha pumzi. Lakini bibi kizee alikuwa ameinua fimbo yake, anaielekeza kwenye sinia.

"Mfeddal! Hilo birika dogo umemfichia nani?"

"La kwangu mwenyewe, Lalla."

"La kwako? Yaani wageni tunywe hili, wewe unywe lile? Lina nini?"

"Halina kitu, Lalla. Halina sukari."

Watu wakageuka kulitazama birika dogo. Katika mji huu, kutaja chai isiyo na sukari mbele ya wakwe ni sawa na kuwafungulia mlango waende zao. Tamou anasema alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na sufuria zake.

Lalla Chama akaweka glasi yake chini. "Hebu nipe."

"Lalla, ina uchungu kidogo."

"Nimezika waume wawili, unanitisha na uchungu wa majani? Mimina!"

Akanywa nusu glasi, watu wote wakimtazama. Akajifuta midomo.

"Mwaka wa kumi na moja huu nina sukari. Kila karamu nakunywa vitu vyenu kwa kuona haya, nikirudi nyumbani kichwa kinazunguka siku mbili. Mimina tena." Kisha akamgeukia mjomba wa bwana harusi, aliyekuwa anaangalia zulia. "Na wewe Abdelouahed unaangalia nini huko chini? Si nilikuona kwenye foleni ya zahanati?"

Bwana Abdelouahed alikohoa. Watu wakacheka, wakwe wa pande zote mbili, na katikati ya kicheko hicho akanyoosha glasi yake. Akafuata mwingine. Ikafuata na glasi ya mama mwenye nyumba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na pale uani Lalla Chama aliona afadhali awaumbue yeye mapema. Birika dogo lilijazwa mara sita kabla ya magharibi.

Siku ya miadi kipimo kilisoma moja na thelathini. Daktari alikitazama kidonda kwa muda mrefu, akasema kingo zimeanza kukutana, na kukata kukaahirishwa. Kilichukua miezi mitano mingine kufunga kabisa. Mpaka leo Si Mfeddal hupumzisha mguu kila asubuhi kwa amri ya daktari, na Tamou huukagua kila jioni kwa tochi, kidole kimoja kimoja, maana mwenyewe akikanyaga msumari hana habari.

"Andika na hili," Tamou anaagiza, mwiko juu. "Sindano anachoma na vidonge anameza. Supu yangu si kidonge. Asije mtu akaacha dawa akasema Tamou kanituma."

Siku hizi wenye karamu wengi wanaomwita Si Mfeddal huagiza mabirika mawili bila kuambiwa. Wapo wazee wanaonung'unika kwamba mtu huyu na mkewe wameharibu sherehe za mji. Si Mfeddal huwamiminia la sukari, povu mpaka ukingoni, na huwaombea afya njema.

Msimu huu wa vuli watamwoza binti yao, Ikram, anayefanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini Tanja. Tamou ameshawatafuta wanawake wawili wa kupika, amewafundisha kuku wa vitunguu na kuskusi ya shayiri, na ameapa kwamba siku hiyo hatakanyaga jikoni.

"Miaka ishirini na miwili nimeziona harusi kutoka mlangoni," anasema. "Ya mwanangu nitaiona nimekaa. Nitaletewa chai kama watu. Na mume wangu atasimama apokee wageni. Sitaki zaidi ya hapo, naapa."

Wiki iliyopita waliteremka pamoja hadi mtaa wa mafundi viatu. Kwa miaka miwili Si Mfeddal hajavaa kiatu cha kufunika mguu, na daktari sasa amemruhusu, mradi kiwe cha ngozi laini, kipana, kilichoshonwa kwa kipimo chake. Fundi alikuwa mzee wa maneno machache. Maneno ya mtaani yalishamfikia, kwamba mguu wa mwenye chai ulikwishakatwa. Alitazama kanzu ndefu iliyofika mpaka chini, akamtazama Tamou, kisha akauliza kwa upole, akiogopa kumuumiza mtu, kama atashona kimoja au viwili.

Si Mfeddal akainua kanzu yake.

"Jozi," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Cha kulia na cha kushoto."